Kurudisha mapolisi wastaafu kazini pale kituo kinapokosa watu: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Kama wewe ni mkuu wa kituo, au uko HR ya jeshi la polisi, au unakaa kwenye kamati ya usalama na kila kikao wimbo ni uleule wa "hatuna watu", basi ipo siku mtu atanyoosha mkono aseme kwani wale wastaafu si wapo, tuwaite. Na wazo lenyewe zuri kwa kweli. Kuruta ni safari ndefu: tangazo, usaili, kumchunguza, depo, halafu akitoka depo bado anatembea na mkubwa wake miezi kadhaa ndo umwachie peke yake, wakati mstaafu aliyepiga miaka 25 anajua jalada linafunguliwaje na anajua shahidi anayedanganya anakaaje kwenye kiti. Shida ni namna watu wanavyolifanya hili jambo, wanapiga simu kwanza wanafikiri baadaye. Mzee anarudi, anapewa gari la doria lilelile aliloliacha, baada ya miezi michache goti limegoma, pensheni imekatwa bila yeye kuambiwa, na kijana aliyekuwa anasubiri cheo ameandika barua ya kuhama.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kazi, mtu anafuata baadaye sana, kwenye hatua ya tano huko.

Hatua ya 1: Jua unachokosa ni nini hasa

"Tumepungukiwa" haitoshi. Chukua ratiba ya shifti ya mwezi uliopita ukae nayo. Nafasi moja tu inayotakiwa kuwa na mtu saa 24 siku zote 7 inakula masaa 168 kwa wiki, gawa kwa 40 unapata watu 4.2, na hapo hakuna aliyeumwa, hakuna aliyeenda likizo, kozi wala mahakamani, ukiviweka hivyo vyote unajikuta kwenye watu 5 na ushee kwa kiti kimoja. Sasa jiulize una viti vingapi vya namna hiyo na nani anavikalia. Unakuta askari mzima mwenye mafunzo ya silaha anashinda anapokea simu, mwingine analinda mahabusu aliyelazwa hospitali, mwingine kazi yake kupeleka vielelezo maabara na kurudi, mwingine anapeleka wito wa mahakama.

Kila kazi iulize maswali matatu. Inahitaji mamlaka ya kukamata? Inahitaji silaha? Inahitaji mtu wa kukimbia au kukabana na mtu? Ikijibu hapana mara tatu, hiyo weka upande wa wastaafu. Ikijibu ndiyo hata moja, simama kwanza, usiiweke huko kwa sababu tu umechoka.

Kuna uhaba mwingine ambao kwenye ratiba hauonekani, uhaba wa uzoefu. Uingereza ni mfano mzuri, kwa upande wa England na Wales kati ya 2010 na 2018 askari walipungua kama 20,000 hivi kwa kubana bajeti, 2019 serikali ikatangaza kuwarudisha 20,000 na ilipofika Machi 2023 namba ikatimia. Namba, sawa. Ila 20,000 wapya sio wale 20,000 walioondoka, kwa hiyo ukawa na vijana wengi kwenye shifti na wachache wa kuwafundisha, na wapelelezi ndo kabisa walikuwa wa kutafuta. Kama shida yako ni ya namna hii basi mstaafu mmoja wa kufundisha anakufaa kuliko watano wa kuzunguka mitaani.

Hatua ya 2: Pensheni kabla ya kitu chochote kingine

Hapa ndo mipango mingi inapofia na nitakaa hapa kidogo.

Mstaafu anaishi kwa pensheni. Kwenye mifuko mingi kuna kanuni ya mtu kurudi kwa mwajiri wake wa zamani, na kila mfuko una ya kwake: mwingine unasema ukae nje muda fulani kwanza, mwingine unaweka kikomo cha masaa au cha mshahara, mwingine unasimamisha malipo kabisa siku ukivaa sare tena. England na Wales kwa mfano, askari mstaafu akirudi kuwa askari kamili, pensheni yake inaweza kupunguzwa ili mshahara mpya na pensheni vikijumlishwa visizidi alichokuwa anapata kabla hajastaafu, lakini mtu huyohuyo akirudi kama mtumishi wa kiraia kwenye jeshi hilohilo hesabu inakuwa nyingine kabisa. Unaona? Jina la kazi peke yake linabadilisha maisha ya mtu.

Marekani wana mtego wao, mtu anatakiwa awe ameondoka kweli, sio mmekaa mezani kabla hajastaafu mkakubaliana "we toka Ijumaa, Jumatatu unarudi kwa mkataba". Hiyo inaweza kuonekana kwamba hakustaafu, na ikionekana hivyo mwenye matatizo ni yeye pamoja na mfuko. Halafu kuna habari njema iliyowachanganya wengi, sheria ya Social Security Fairness Act iliyosainiwa Januari 5, 2025 iliondoa makato ya Social Security (pensheni ya serikali kuu ya Marekani) yaliyokuwa yanawaumiza wastaafu wa umma wakiwemo mapolisi wengi, watu wakadhani basi vikwazo vyote vimeisha. Hapana, kanuni za mfuko wa jimbo au wa mji za kurudi kazini ni kitu kingine na zipo palepale.

Cha kufanya: kabla hujasaini chochote, pata barua kutoka mfuko wa pensheni yenye jina la mtu huyo, sio maelezo ya jumla ya kwenye simu. Barua ijibu anatakiwa akae nje muda gani, aruhusiwe masaa mangapi, kazi ya aina gani inagusa pensheni na ipi haigusi, atachangia upya au la, bima yake ya afya ya kistaafu itaendelea au itakatika, na akiumia kazini au akifa familia inalipwa kama ya askari au kama ya mtu wa mkataba. Hili la mwisho watu wanaona aibu kuliuliza. Uliza. Kama mfuko hauwezi kuandika barua basi usimrudishe huyo mtu, tafuta mwingine.

Na kama bado hajaondoka, fikiria kumzuia kabla ya kumrudisha. Marekani kuna mpango unaitwa DROP, askari aliyefika umri wa kustaafu anaendelea na kazi huku pensheni yake inaanza kuingia kwenye akaunti yake pembeni, akiondoka anachukua. Florida mwaka 2023 waliongeza muda wake kutoka miezi 60 hadi 96. Lakini piga hesabu za mfuko vizuri maana Dallas mwaka 2016 mfuko wa polisi na zimamoto ulikuwa taabani, watu wakaanza kuzitoa pesa zao za DROP kwa kasi, zaidi ya dola milioni 500 zikatoka ndani ya miezi michache, hadi bodi ikasimamisha utoaji mwezi Desemba. Riba nono ya kumshawishi askari abaki kuna mtu atailipa baadaye.

Hatua ya 3: Chagua anaingia kwa mlango gani

Milango iko mitatu hivi. Askari kamili mwenye mamlaka yote, kiapo upya na kila kitu. Mtumishi wa kiraia, bila kukamata wala silaha, au na mamlaka machache aliyopewa kwa kazi maalum. Au askari wa akiba, anayeitwa siku chache kwa mwezi au kwenye matukio makubwa, pengine kwa kujitolea.

Watu wanakimbilia wa kwanza kwa sababu ya heshima ya sare. Mimi naona wa pili ndo unaobeba kazi kubwa zaidi kwa matatizo machache zaidi. England na Wales walishaliwekea sheria zamani, Police Reform Act ya 2002 inaruhusu mkuu wa jeshi kumpa mtu wa kiraia mamlaka fulani ya upelelezi au ya kusimamia mahabusu, na huko wapelelezi wa kiraia wengi tu ni mapolisi wa zamani. Wa tatu ni mzuri kwa sherehe, mechi na mafuriko, usimtegemee kwa shifti ya kila siku.

Soma sheria yenu kabla ya kuchagua. Sehemu nyingine sheria haimjui kabisa mtu wa kiraia anayechukua maelezo ya shahidi, na kesi ikifika mahakamani wakili atalishika hilo kwa mikono miwili.

Hatua ya 4: Andika kazi zenyewe

Rudi kwenye ile orodha yako. Hizi nimeona zinafaa kweli.

Kukagua majalada kabla hayajaenda kwa mwendesha mashtaka. Hii iweke namba moja. Kesi nyingi zinaanguka kwa vitu vidogo, maelezo hayana sahihi, kielelezo hakina mnyororo unaoonyesha kilipita kwa nani, tarehe zinagongana. Mzee aliyesimama kizimbani miaka 20 akihojiwa na mawakili anayaona hayo kwa dakika tano, kijana hayaoni kwa sababu bado hajaumizwa nayo.

Kuchunguza waombaji wapya wa kazi. Kwenda kwa majirani, kwa mwajiri wa zamani, kusoma madeni na rekodi. Ni kazi ya polepole na ndo inayochelewesha kuruta kuingia, kwa hiyo mstaafu mmoja hapa anakuongezea vijana kule mbele.

Kesi zilizolala. Wastaafu wengi wanaipenda hii kupita zote na wanaifanya vizuri, maana hakuna simu ya dharura inayomkatisha. Ila sharti moja: asipewe jalada alilolisimamia yeye mwenyewe zamani. Atarudi na mshukiwa wake yuleyule wa mwaka ule kichwani na atasoma kila karatasi akimtafuta huyo. Jalada la mwenzake, sawa.

Kufundisha wapya barabarani au darasani, kupokea taarifa za wizi usio na dharura kwa simu, stoo ya vielelezo, kuwapigia wahanga kuwaambia kesi yao imefika wapi (hili likifanyika malalamiko yanapungua sana, watu wanakasirishwa na ukimya), kufuatilia mashahidi siku ya mahakama.

Za kumnyima: fujo na maandamano, kuitikia dharura usiku, kazi ya siri kwa sababu uso wake mji mzima unaujua, na jambo lolote linalohusu malalamiko dhidi ya kikosi chake cha zamani. Hilo la mwisho liandike kabisa, usiliache kwa busara za mtu.

Hatua ya 5: Sasa tafuta mtu, na umchuje kama humjui

Anza na walioondoka karibuni. London mwaka 2020 wakati wa korona, Metropolitan Police waliwageukia waliostaafu ndani ya miaka 5, na ni kipimo kizuri tu, aliyekaa nje zaidi ya hapo sheria na mifumo vimeshamtupa mbali. Usitangaze kwa wote ukasubiri nani atakuja, maana wa kwanza kuja sio lazima awe yule uliyemtaka. Toa orodha HR, soma sababu ya kila mmoja kuondoka, halafu piga simu kwa uliowachagua.

Na hapa naomba uwe mgumu. "Huyu namfahamu, tulikuwa wote" sio uchunguzi. Fungua faili lake lote, malalamiko, nidhamu, matumizi ya nguvu, barua za mwisho mwisho kabla hajaondoka. Kuna watu walistaafu haraka haraka uchunguzi ukiwa mlangoni na faili likafungwa bila majibu, na huyo ndo mara nyingi ana hamu kubwa ya kurudi. Kama anatoka jeshi la mji mwingine, tuma mtu akasome faili kwa macho yake. Cleveland, Marekani, mwaka 2014 askari alimuua kwa risasi mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, na baadaye ikajulikana kwamba kituo alichokuwa mwanzo walishamwona hafai na faili lilikuwepo, ila waliomwajiri Cleveland hawakulisoma. Yule hakuwa mstaafu, alikuwa kijana, lakini uzembe wa kutofungua faili hauna umri.

Angalia pia ukweli wake mahakamani. Marekani tangu uamuzi wa Brady v. Maryland wa 1963 upande wa mashtaka unatakiwa kuupa utetezi ushahidi unaoweza kumsaidia mshtakiwa, na hiyo imekuja kujumuisha rekodi ya askari aliyewahi kukutwa amedanganya. Kwa hiyo mtu mwenye doa hilo huwezi kumweka kwenye upelelezi hata awe hodari vipi, kila jalada analogusa linaharibika. Muulize mwendesha mashtaka jina kabla hujampa mtu barua ya ajira, ni simu moja tu.

Halafu maisha yake ya sasa: ana kampuni ya ulinzi? Anafanya kazi kwa mwanasiasa? Ana kesi ya madai na jeshi? Kampuni ya ulinzi hasa iangalie mara mbili, maana atakuwa anaona taarifa za wizi za wateja wake na za wapinzani wake.

Hatua ya 6: Afya na silaha

Daktari apime kulingana na kazi, usimpime mtu wa mezani kama anaenda kukimbiza wezi na usimpitishe mtu wa doria kwa sababu "bado yuko fiti". Askari kamili afanye mtihani uleule wa vijana. England na Wales mtihani wa mbio za kengele (unakimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili, mlio unazidi kuharakisha) ni kufika hatua 5.4 kwenye mita 15, sio mkali hivyo, lakini ni uleule kwa wote na hapo ndo uzuri wake ulipo.

Silaha, kama kazi haihitaji asipewe, hata akikasirika. Na msichanganye ruhusa ya kubeba na mamlaka ya kazi: Marekani sheria ya LEOSA ya 2004 inamruhusu mstaafu aliyetimiza vigezo kubeba bastola iliyofichwa, ikiwemo kufaulu shabaha kila mwaka, ila haimpi mamlaka ya kukamata mtu. Wapo wanaojisahau hapo.

Hatua ya 7: Kozi ya kurudi

Asikwambie "mimi hii kazi naijua". Anaijua ya wakati wake. Kamera za mwilini zina kanuni za lini unawasha na lini unazima, ushahidi wa simu una utaratibu wake, mifumo ya kompyuta imebadilika, na namna ya kumhoji mtoto au mhanga wa ubakaji imebadilika kuliko vyote. California ukikaa nje miaka 3 au zaidi bodi yao ya viwango, POST, inataka ujithibitishe upya kabla ya kuvaa beji. Kwenu kama hakuna kanuni ya namna hiyo jitungieni, hata wiki mbili za sheria mpya na mifumo, na mtihani mwishoni. Mtihani wa kweli, ambao mtu anaweza kufeli.

Mambo ya kompyuta mpe kijana amfundishe, mmoja kwa mmoja. Darasani mbele ya wenzake mzee hatauliza swali.

Hatua ya 8: Mkataba na cheo

Hapa ndo penye moto. Mtu aliondoka akiwa mkuu wa upelelezi, leo anarudi mkaguzi wa majalada chini ya sajenti ambaye yeye mwenyewe ndo alimfundisha kazi. Usipoliweka wazi mwanzoni, wiki ya tatu utakuta kituo kina mabosi wawili, na askari wanaenda kumuuliza mzee chini chini kabla ya kutii amri ya sajenti.

Andika kwenye mkataba cheo chake cha sasa, anaripoti kwa nani kwa jina la nafasi, na kwamba cheo cha zamani hakina amri. Kumwita "afande" kwa heshima hakuna anayekataza, watu watamwita tu, lakini amri inatoka kwa sajenti. Mwambie uso kwa uso kabla hajasaini, na mwambie na sajenti naye akiwepo. Ukiona anasita hapo, mshukuru mwachane kwa amani.

Muda, mwaka mmoja, unaongezwa kwa tathmini na sio kwa mazoea. Mshahara ufuate kazi anayoifanya sasa. Na nafasi yake isihesabiwe kwenye nafasi za kudumu, hili muhimu sana, maana wa bajeti wakiona viti vimejaa watazifuta ajira za vijana halafu mwaka wa pili wastaafu wote wanaondoka kwa pamoja na unabaki na shimo kubwa kuliko la mwanzo.

Hatua ya 9: Ongea na waliopo

Kabla mzee hajaingia mlangoni. Waambie anakuja kufanya nini, hagusi vyeo vyao, na ni kazi gani anawatoa mikononi kuanzia lini. Kama kuna chama cha askari kikae mezani mapema, kikisikia juu juu kitapinga hata kitu kizuri.

Hatua ya 10: Pima, na ujue atatokaje

Usipime idadi ya wastaafu uliorudisha, hiyo ni ya kwenye ripoti tu. Pima masaa ya askari yaliyorudi barabarani, majalada yaliyorudishwa na mwendesha mashtaka kabla na baada, siku kuruta anazosubiri kuchunguzwa. Kama baada ya miezi sita masaa ya doria hayajaongezeka, kuna mtu amemgeuza mstaafu kuwa karani wake binafsi, nenda kaangalie.

Kila mmoja mpe kijana wa kurithi kazi yake tangu mwanzo, na miezi miwili ya mwisho wafanye pamoja. Siku ya mwisho chukua kitambulisho, funguo, redio, na fungeni pasiwedi zake zote jioni ileile, pamoja na za mifumo ya kuangalia namba za magari na rekodi za watu, ambazo IT huwa wanazisahau hata kwa wanaostaafu mara ya kwanza.